Habari mbaya zifike mapema: mwongozo wa kubuni bidhaa mpya ndani ya timu ndogo

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu ya watu sita iliyotengeneza programu ya kusimamia stoo. Kazi ilituchukua miezi minane. Skrini zilipendeza, ripoti zilichorwa kwa rangi, na siku ya makabidhiano mteja alitupigia makofi. Wiki tatu baadaye nilipita pale, nikakuta kishikwambi kiko juu ya kabati kimeshika vumbi, na mtunza stoo anaandika kwenye daftari lake lilelile la zamani, lililofungwa kamba kwenye mlango. Hakuwa mkaidi. Kutwa nzima alikuwa amevaa glavu, na kioo cha kishikwambi kile hakikutambua kidole chenye glavu.

Kasoro hiyo ingeonekana siku ya kwanza, kwa gharama ya nauli tu. Sisi tuliilipia kwa miezi minane. Tangu hapo nikiitwa kusaidia timu inayotaka "kuwa ya kibunifu", siulizi wana mawazo mangapi. Nauliza habari mbaya huchukua siku ngapi kumfikia mwenye uamuzi. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya swali hilo. Unamfaa anayeongoza timu ya watu watatu hadi kumi na tano, iwe inatengeneza programu, kifaa cha kushika mkononi au huduma. Hatua zimefuatana, ila ukijikuta umefika ya tano ukalazimika kurudi ya pili, usione haya.

Hatua ya 1: Andika tatizo bila kutaja bidhaa

Chukua karatasi uandike nani anapata shida gani, saa ngapi, na kwa sasa anajimudu vipi. Ni marufuku kutaja suluhisho. "Watunza stoo wanahitaji programu ya simu" ni jibu lililovalishwa kanzu ya tatizo. Jaribu hivi: "Mtunza stoo hupokea mzigo mikono ikiwa imejaa, idadi huiandika jioni kwa kukumbuka, na mwisho wa mwezi hesabu hazilingani." Hapo kuna mtu, kuna saa, na kuna namna anavyojimudu leo.

Hicho kipande cha mwisho ndicho wengi hukiruka. Kama watu hawafanyi lolote kukabiliana na shida unayoieleza, hata kwa njia mbovu, huenda haiwaumi kama unavyodhani. Hiyo ni habari mbaya ya kwanza, na umeipata kwa bei ya karatasi.

Hatua ya 2: Nenda ukaangalie, na uulize mambo ya jana

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mwenye wazo akienda kuhoji watumiaji hurudi na majibu aliyotoka nayo nyumbani, na hafanyi hivyo kwa hila. Anauliza, "Je, ungependa programu itakayokurahisishia hesabu?" Nani atasema hapendi? Watu ni waungwana, hasa mbele ya mgeni aliyekuja na tabasamu. Maswali ya kesho huzaa adabu. Ya jana huzaa habari. Kwa hiyo uliza: mara ya mwisho hesabu ilipokataa kulingana ilikuwa lini? Ulifanya nini? Nani alijua? Ilikuchukua muda gani? Ukisikia "huwa naangalia kila siku", omba akuonyeshe alivyoangalia jana.

Kisha nyamaza utazame. Macho yako yatafute viraka: kikaratasi kilichobandikwa pembeni ya kompyuta, namba zilizoandikwa kiganjani, kipande cha utepe juu ya kitufe ambacho kila mtu hukibonyeza kwa bahati mbaya. Kila kiraka ni bidhaa ambayo mtumiaji ameshaibuni mwenyewe kwa sababu bidhaa yako au ya mwenzako ilimwangusha. Tazama pia mazingira, yaani mwanga, kelele, vumbi, mtandao unaokatika, na mikono: inashika nini, imevaa nini, imelowa? Na tazama anapokatizwa. Bidhaa nyingi hubuniwa kana kwamba mtumiaji amekaa peke yake chumbani, kumbe anaitwa kila baada ya dakika mbili na akirudi hakumbuki aliishia wapi.

Mfano ninaoupenda ni wa vifaa vya jikoni vya OXO, vilivyoingia sokoni mwaka 1990. Sam Farber alimwona mke wake, Betsey, aliyekuwa na ugonjwa wa baridi yabisi kwenye mikono, akihangaika na kifaa cha kumenyea ambacho mpini wake ulikuwa mwembamba wa chuma. Farber na wabunifu wa kampuni ya Smart Design wakatengeneza mpini mnene, laini, unaoshikika hata ukilowa. Walianza na mkono unaouma, wakapata mpini ambao hata mwenye mikono mizima anaufurahia. Kifaa kile cha chuma kilikuwepo miaka mingi, na watu walishakizoea kiasi cha kutolalamika tena. Dodoso lisingelifichua jambo hilo, maana mtu haandiki malalamiko kuhusu maumivu aliyoyahesabu kuwa ni sehemu ya maisha.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Nendeni wawili wawili. Mmoja anauliza, mwingine anaandika, na anayeandika asiwe mwenye wazo. Andikeni maneno yenyewe aliyoyasema mtu, si tafsiri yenu. Watu watano hadi wanane wanatosha kwa mzunguko wa kwanza. Jioni hiyohiyo, kabla ya kulala, kila mmoja aandike mambo matatu yaliyomshangaza. Ambaye hakushangazwa na chochote, kuna uwezekano mkubwa alikuwa anauza badala ya kutazama.

Hatua ya 3: Soma mwelekeo wa teknolojia kwa maswali manne

Hapa ndipo bajeti huyeyuka. Bosi anarudi kutoka mkutanoni na swali moja: "Sisi tunafanya nini kuhusu akili bandia?" Kabla ya hapo lilikuwa "kuhusu bloku cheni", teknolojia iliyo nyuma ya sarafu za kidijitali, na kabla yake jambo lingine. Swali limeanza kichwa chini miguu juu, lakini usilidharau, kwa sababu teknolojia mpya kweli hufungua milango. Kazi yako ni kujua upi umefunguka na upi umechorwa tu ukutani. Mimi hutumia maswali manne.

La kwanza: nini kimeshuka bei? Mwaka 1936 mhandisi wa ndege Theodore Wright alionyesha kuwa kila idadi ya jumla ya ndege zilizotengenezwa ilipoongezeka maradufu, gharama ya kutengeneza ndege moja ilishuka kwa asilimia ilelile, au karibu nayo. Mtindo huo umejirudia kwenye vitu vingi. Bei ya betri za lithiamu ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, na ndiyo maana vifaa ambavyo zamani vilihitaji waya au mafuta sasa vinakwenda kwa betri. Kwa hiyo ukiwa unabuni kitu kitakachotoka baada ya miaka mitatu, usikipigie hesabu kwa bei za leo peke yake. Chora mstari wa bei za miaka mitano iliyopita uone unaelekea wapi.

La pili: inasubiri nini kingine? Msimbo wa QR, ule mraba wa vidoti unaosomwa kwa kamera ya simu, ulibuniwa mwaka 1994 na Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kampuni iliuacha utumike bila kudai malipo ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Ulikuwa mzuri, ulikuwa bure, na bado kwa miaka mingi nje ya Japani watu waliuona kwenye mabango wakaupita kama mapambo. Kuusoma kulihitaji kwanza upakue programu maalumu. Mwaka 2017 kamera ya iPhone ikaanza kuusoma yenyewe, na mwaka 2020 janga la korona likawafanya watu waogope kushikashika vitu vya pamoja. Ghafla ukawa kila mahali. Aliyewekeza kwenye misimbo hiyo mwaka 2011 alikuwa sahihi kuhusu teknolojia, akakosea kuhusu simu zilizokuwa mifukoni mwa watu. Kwa hiyo andika orodha ya vitu ambavyo lazima viwepo ili teknolojia yako ifanye kazi, kisha weka alama kwenye vile usivyovimiliki.

La tatu: mtu akiitumia mbele ya wenzake anaonekanaje? Miwani ya Google Glass ilianza kuuzwa mwaka 2013 kwa kundi la watu wachache kwa dola 1,500, na mwezi Januari 2015 mauzo hayo yakasitishwa. Ilikuwa na udhaifu wa betri na mengineyo, lakini kilichoiumiza zaidi ni kwamba aliyekaa mkabala na mvaaji hakujua kama anarekodiwa. Aliyenunua alipata kifaa, jirani yake akapata wasiwasi. Miwani hiyohiyo ikaenda ikapata kazi viwandani, kwa mafundi wanaohitaji kusoma maelekezo huku mikono ikiwa kazini na ambako hakuna anayejali wanavyoonekana. Kifaa kilekile, mahali tofauti, jibu tofauti.

La nne ndilo zito zaidi siku hizi: ikikosea, nani anaumia, na nani anagundua? Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kila bidhaa inatafuta pa kupachika akili bandia. Mifumo hii ya lugha hujenga jibu kwa kukadiria neno linalofaa kufuata, hivyo inaweza kusema uongo kwa ufasaha uleule inaosemea ukweli. Kuna kazi ambazo hilo halina madhara makubwa: rasimu ambayo mtu ataisahihisha, kupanga barua zinazoingia kwa makundi, kufupisha waraka ambao msomaji anao mkononi na anaweza kuukagua. Na kuna kazi ambazo kosa linapita kimyakimya mpaka limfikie asiye na namna ya kulijua. Dozi ya dawa, kwa mfano, au nani akataliwe mkopo.

Kabla hujamwonyesha mtu yeyote maonyesho ya kuvutia, kusanya mifano hamsini halisi kutoka kwenye kazi yako, ikiwemo ile michafu: maandishi yenye makosa ya tahajia, picha zenye giza, maombi yasiyoeleweka. Ipitishe kwenye mfumo. Hesabu makosa, kisha yapange kwa aina na kwa madhara. Maonyesho kwa asili yake huleta habari njema, kwa kuwa aliyeyaandaa ndiye aliyechagua mifano. Hamsini zako ndizo zitakazosema kweli.

Majibu ya maswali haya yaweke kwenye ukurasa mmoja wenye safu tatu: tunatumia sasa, tunajaribu kidogo, tunatazama tu. Uupitie kila baada ya miezi mitatu. Vitu vingi vitakaa safu ya tatu kwa muda mrefu, na hapo ndipo mahali pake. Jambo moja nimejifunza kwa uchungu: kukiacha kitu safu ya tatu ni uamuzi unaohitaji kuandikwa sababu yake, la sivyo kila anayetoka mkutanoni atakirudisha mezani upya.

Hatua ya 4: Orodhesha mnayoyaamini, anza na linaloweza kuwaua

Kila wazo limesimama juu ya imani kadhaa. Watu wana shida hii. Watabadili tabia. Kifaa kitadumu siku nzima bila kuchajiwa. Atakayetumia ndiye atakayelipa. Ziandikeni zote, hata zile zinazoonekana za kitoto. Kisha kwa kila moja jiulizeni mara mbili: ikiwa si kweli, wazo linakufa? Tuna ushahidi gani? Imani iliyo na jibu la "ndiyo, linakufa" na "ushahidi hatuna" ndiyo kazi ya wiki hii. Timu nyingi hufanya kinyume; huanza na zile rahisi, kama nembo na rangi, kwa sababu zinaleta raha ya kuona kitu kimesogea.

Hatua ya 5: Tengeneza mfano wa bei chee kuliko unavyoona ni heshima

Mfano wa majaribio una kazi moja tu, nayo ni kujibu swali ulilolitoa hatua ya 4. Usipokuwa na swali, unachonga sanamu.

Jeff Hawkins, alipokuwa anabuni kompyuta ndogo ya mfukoni iliyotolewa mwaka 1996 kwa jina la Pilot, alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa aliokuwa anaufikiria. Akawa anatembea nacho mfukoni. Kikaoni mtu akimwuliza kama ana nafasi kesho, alikitoa, akajifanya anagusa kioo, akakirudisha. Swali lake halikuwa kama kifaa kinaweza kutengenezwa. Lilikuwa: kikiwepo, nitakibeba? Nitakitoa kwa ajili ya nini? Kipande cha mbao kilimjibu bila mhandisi hata mmoja.

Nick Swinmurn naye, mwaka 1999, alitaka kujua kama watu watanunua viatu mtandaoni bila kuvijaribu miguuni. Alikwenda kwenye maduka ya kawaida, akapiga picha viatu, akaziweka kwenye tovuti. Mtu akiagiza, yeye anarudi dukani kununua kwa bei ya rejareja na kuvituma. Kwa kila jozi alikuwa anapata hasara, ila hasara hiyo ilikuwa ada ya jibu. Kampuni iliyozaliwa hapo ni Zappos. Mbinu hii ya kuficha mtu nyuma ya pazia inafaa sana kwa bidhaa za akili bandia: kabla ya kujenga mfumo wa kujibu wateja, mwambie mwenzako akae chumba cha pili ajibu kwa mkono kwa wiki moja. Washiriki waambiwe kwamba ni jaribio, na mambo yao ya siri yasihifadhiwe. Mtajifunza maswali ambayo hamkuyawazia, na kama hata binadamu hawezi kuyajibu vizuri, mashine itafanya nini?

Upande wa pili yupo James Dyson, aliyetengeneza mifano 5,127 kabla ya kupata mashine ya kufyonza vumbi isiyotumia mfuko. Watu huitaja idadi hiyo kama hadithi ya ustahimilivu. Mimi naisoma kwa jicho jingine: alikuwa akibadili jambo moja kwa wakati mmoja, hivyo kila mfano ulimwambia kitu. Ukibadili mambo manne kwa mpigo na matokeo yakaharibika, umepata habari mbaya isiyo na anwani.

Kama huna pa kuanzia, hii ndiyo ngazi ninayoipanda: mchoro wa karatasi (siku moja); umbo la mbao, katoni au povu ikiwa ni kifaa (siku mbili); skrini zinazobonyezeka bila mfumo nyuma yake (wiki moja); huduma ya mkono nyuma ya pazia (wiki mbili). Usipande ngazi ya juu kabla ya ile ya chini kukushinda kujibu. Na mfano usipendeze kupita kiasi. Mbele ya mchoro wa penseli mtu hukosoa bila woga. Mbele ya kazi iliyong'arishwa husifia rangi.

Hatua ya 6: Watu watano, na mdomo umefungwa

Mtaalamu wa urahisi wa matumizi Jakob Nielsen alipendekeza kujaribu na watumiaji watano tu kwa kila mzunguko, akikadiria kwamba hao hufichua takribani asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Kadirio hilo halishiki kila mahali. Ikiwa una makundi mawili yanayotofautiana, kama muuguzi na mgonjwa, unahitaji watano wa kila upande. Lakini kiini chake ni kizuri: jaribu na watano, rekebisha, jaribu na wengine watano. Ni bora kuliko kuwasubiri ishirini na tano.

Mpe mtu jukumu, usimpe maelekezo. "Mzigo umeingia, uandikishe." Kisha funga mdomo. Atakwama, atakutazama, utajisikia vibaya moyoni, na kidole chako kitataka kuonyesha kitufe kilipo. Kikalie. Akiuliza "hapa nibonyeze?", mrudishie: "Unadhani kitatokea nini?" Muda anaohangaika ndio bidhaa uliyokuja kuichukua. Waliotengeneza waje kutazama kwa zamu, angalau mmoja kila jaribio, kwa sababu ripoti ya kurasa ishirini haimbadilishi fundi kama dakika tatu za kumwona mtu mwenye akili timamu akishindwa kupata kitufe alichokiweka yeye.

Hatua ya 7: Andikeni leo kitakachowafanya muache

Kabla ya kuanza awamu yoyote ndefu kuliko wiki mbili, andikeni: tukifika tarehe fulani na tusipoona jambo fulani, tunaacha au tunageuza. Liwe jambo la kuhesabika. "Kati ya watunza stoo kumi, sita wameendelea kutumia wiki ya tatu bila kukumbushwa." Mkiandika baada ya matokeo kutoka, mtasogeza goli, kila timu husogeza, yangu pia.

Mwanasaikolojia Gary Klein ana zoezi linalosaidia hapa, alilolieleza mwaka 2007. Waambie watu: tuko mwaka mmoja mbele na mradi huu umekufa vibaya. Kila mtu aandike kwa dakika tano kilichouua. Linachekesha jinsi lilivyo rahisi, lakini hubadilisha nafasi ya mtu mwenye shaka. Dakika tano zilizopita angeonekana mpinzani. Sasa anafanya kazi aliyopewa.

Hatua ya 8: Mlinde anayeleta habari mbaya

Mengi yaliyotangulia mtu anaweza kuyaanza akiwa peke yake. Hili haliwezekani bila wenzako, na ndilo watu wanalolitafutia njia ya mkato kwa kununua mabango yenye maneno makubwa, viti vya rangi na mashindano ya usiku kucha yanayozaa miradi ambayo hakuna aliyepewa muda wa kuiendeleza.

Fikiria kisa cha Kodak, kampuni iliyotajirika kwa kuuza filamu za kupigia picha. Mwaka 1975 mhandisi wake kijana, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali: kilo 3.6, picha ya nukta elfu kumi, sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye mkanda wa kaseti. Aliionyesha kwa wakubwa. Kampuni ilipata hataza mwaka 1978, ikaendelea na utafiti, hata ikauza kamera za kidijitali baadaye. Kwa hiyo si kweli kwamba hawakujua. Walijua kabla ya wengine. Ila habari ile ilikuwa mbaya kwa idara zilizokuwa zikiishi kwa filamu, na filamu ndiyo iliyokuwa ikilipa mishahara. Januari 2012 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika. Ubunifu ulikuwepo, na mbunifu alikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya habari isiyopendeza kupita na kubadili uamuzi.

Mtafiti Amy Edmondson, alipokuwa akichunguza timu za hospitali miaka ya 1990, alikutana na jambo lililomkanganya: timu zilizoonekana kuwa bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Alipochimba akagundua kwamba huenda hazikosei zaidi, bali zinasema zaidi. Mficha uchi hazai. Kwa hiyo kiongozi anayefurahia kwamba "timu yangu haina matatizo" ana jambo la kuchunguza.

Kwenye viwanda vya Toyota mfanyakazi anayeona kasoro huvuta kamba. Taa inawaka, kiongozi wa kikundi anakuja alipo, na tatizo lisipotatuliwa kwa muda uliowekwa mstari wa uzalishaji unasimama. Makampuni mengi yameiga kamba. Wachache wameiga kinachofuata, yaani yule kiongozi kufika haraka na kushukuru. Ukivuta kamba mara mbili ukanuniwa, mara ya tatu mkono utakuwa mzito.

Basi kwa timu ndogo fanya haya, na uanze na mawili tu. Kikao cha wiki kifunguliwe na swali "nini kimetushangaza vibaya wiki hii?", na kiongozi awe wa kwanza kujibu kwa kosa lake mwenyewe. Kwenye maamuzi, kiongozi aseme wa mwisho na mgeni aseme wa kwanza. Bosi akishasema "mimi naona…", kikao kimekwisha, hata kama mtakaa saa nzima zaidi. Mradi ukisimamishwa kwa kigezo mlichoandika hatua ya 7, aliyeuongoza apewe mradi unaofuata mapema, watu waone. Hilo moja lina nguvu kuliko hotuba kumi, maana wenzake wanatazama kitakachompata.

Halafu kuna suala la muda. Kampuni ya Marekani ya 3M iliruhusu wafanyakazi wake tangu mwaka 1948 kutumia asilimia 15 ya muda kwenye mawazo yao. Vikaratasi vya kubandika vya Post-it vilianzia kwa gundi dhaifu aliyoipata Spencer Silver mwaka 1968 alipokuwa akitafuta kali. Kwa miaka kadhaa aliitangaza ndani ya kampuni bila kupata mnunuzi, hadi Art Fry, mwanakwaya aliyechoshwa na alama zilizokuwa zikidondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, alipoiona kazi yake mwaka 1974. Sokoni vilienea Marekani mwaka 1980. Miaka kumi na miwili! Sisemi uwe na subira ya miaka kumi na miwili. Nasema Silver aliruhusiwa kuongea kuhusu kitu kilichoshindwa, na Fry alikuwa na nafasi ya kusikiliza. Kama huwezi kutoa asilimia 15, toa nusu siku kila wiki mbili, ila isiwe nusu siku inayofutwa kila kazi inapobana. Ikifutwa mara mbili mfululizo, watu wataelewa kwamba haikuwepo.

Hatua ya 9: Baada ya kuzindua, rudi pale

Wiki ya kwanza nenda ukakae na watumiaji wawili. Wiki ya tatu rudi kwa walewale, bila kutoa taarifa ndefu, maana wiki ya kwanza watu hutumia kwa heshima na wiki ya tatu hutumia kwa hiari au hawatumii. Tazama kama viraka vya zamani vimerudi. Daftari likionekana tena, usilikemee. Lifungue, usome linafanya nini ambacho bidhaa yako haifanyi.

Na kila kikao kiwe na kumbukumbu zilizoandikwa, na zisomwe tena baada ya miezi sita. Baada ya lile la glavu, nilimwita kijana aliyekuwa mdogo kuliko wote kwenye timu, ambaye ndiye alikuwa akienda stoo kuchukua vipimo. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia, na yeye alikuwa akiwaona watu wale kila wiki.

"Kaka, nilisema," akanijibu.

Nikafungua kumbukumbu. Kikao cha wiki ya pili, ukurasa wa mwisho, chini ya Mengineyo: glavu. Pembeni yake, kwa mwandiko wangu: tutaangalia baadaye.